Fizi za Mpiga Trompeti

Siku mliyonikatia keki ya kuniaga mlisema, "Mama Neema, utuandikie kidogo kuhusu kazi." Kidogo! Mtu amesimama kando ya kiti cha meno tangu wengine wenu hamjaota hata jino moja, halafu mnamwomba kidogo. Haya, nitajaribu. Mambo ya vyeo sitayaandika, kwa sababu sikupanda sana, na waliopanda wananisoma. Nitaandika juu ya fizi. Najua mlitaka visa vya meno kung'olewa huku mtu akiita majina ya watakatifu wote, maana hivyo ndivyo mnavyosimuliana wakati wa chai. Fizi hazina kelele. Zinaharibika kimya kimya, ndiyo maana watu wanazisahau, na ninyi pia mnazisahau mkishaona tundu zuri la kuziba.

Nilianza kazi hapahapa mtaani Himbi, katika kituo hiki hiki cha afya, ila kabine yetu ya meno ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la upande wa ziwa na kiti cha kupandishwa kwa mguu. Kiti kile kilishuka chenyewe pale kilipojisikia. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi, najua kuchoma sindano na kufunga vidonda, na nilidhani siku ya kwanza nitafundishwa majina ya meno. Mwenye kabine alikuwa Daktari Kahindo, mama wa Butembo, mfupi, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya soko bila kujisumbua. Hakuniuliza cheti. Alinishika mikono, akaigeuza, akasema:

"Mikono yako iko na nguvu. Utashika vichwa."

Basi nikashika vichwa. Msinicheke, ni kazi. Mtu akishikwa kichwa vizuri anatulia, akishikwa vibaya anamfuata daktari na koleo mpaka mlangoni. Nilijua watu wa mji huu kwa vichwa vyao kabla ya kuwajua kwa majina. Kulikuwa na wanaoinua kidevu kwa kiburi, wanaojikunja shingo ndani ya mabega, na dereva mmoja wa lori, mkubwa kama mlango, aliyenishika kidole mpaka pete yangu ikapinda. Umeme ukikatika, nilishika kichwa kwa mkono mmoja na tochi kwa mkono mwingine. Leo mnalalamika taa ya kiti ina kivuli. Mimi ndiye niliyekuwa taa.

Karibu kila aliyekuja alitaka jino litoke. Hakuna aliyekuja kusema fizi zake zinatoa damu. Na hapo ndipo Daktari Kahindo alipoanza kunifundisha. Baada ya kung'oa, aliliosha jino, akaliweka juu ya kitambaa, akaniita dirishani kwenye mwanga.

"Tafuta tundu."

Nilitafuta kote. Jino lilikuwa jeupe, zima, halina hata doa. Ila mzizi wake ulikuwa umevikwa ugaga mgumu, mweusi, kama chungu kisichosuguliwa.

"Unaona? Jino haina kosa. Ni nyumba yake njo iliibomokea."

Aliyasema hayo bila huzuni yoyote, kisha akaita mtu mwingine. Mimi nilibaki na lile jino zima mkononi na nikasikia hasira kidogo, maana mwenyewe alikuwa tayari yuko barabarani, shavu limejaa pamba, anafurahi kwamba shida imekwisha. Alikuwa na meno mengine yaliyokuwa yakielekea njia ileile.

Baadaye Daktari Kahindo alinipa sonde. Ninyi mnazo nyingi, mnazitupa kwenye sahani kama vijiko vya chai. Mimi nilipewa moja. Ni kijiti chembamba cha chuma, ncha butu, chenye mistari myeusi ya kupimia milimita, unakiteremsha taratibu kati ya jino na fizi. Fizi nzima inakisimamisha mapema na haitoi damu. Fizi yenye ugonjwa inaachia, kijiti kinazama, na mfuko huo mnaouita poche ndipo vijidudu vinapokaa vikila mfupa. Shida ni nguvu ya mkono. Ukisukuma sana, hata fizi ya mtoto itatoa damu na utaandika ugonjwa usiokuwepo. Daktari alinifundisha kwa kuniambia niingize ncha chini ya ukucha wangu mwenyewe. Ikiuma, nimezidisha. Nilikaa jioni nyingi nyumbani nikijichokoa kucha, na mume wangu akaanza kuuliza kama hii kweli ni kazi ya hospitali.

Kuna desturi moja ya watu wetu ambayo lazima niiseme, kwa sababu haimo katika vitabu mlivyosoma. Mtu wa kwetu akiitwa kontrole, kurudi kukaguliwa na daktari, haendi vile alivyo. Anajitayarisha, kama anayekwenda kwa wakwe. Anavaa nguo za misa. Anakuja na mswaki ndani ya mfuko, na pale kwenye bomba la uani, hatua chache kutoka mlango wetu, anasugua meno kwa nguvu zote ambazo hakuzitumia miezi yote iliyopita. Ukuta wa karibu na bomba ulikuwa na madoadoa meupe ya dawa ya meno mpaka tukaacha kuupaka rangi. Kisha mtu anaingia, anafungua kinywa kinachonukia mnanaa, fizi zimechubuka zinavuja damu, na anakuambia kwa uso mkavu kwamba anasugua kila siku. Nilikuwa nacheka. Daktari Kahindo pia alikuwa anacheka. Tulidhani ni jambo la kuchekesha tu.

Miaka ikapita, tukapata maabara yenye mashine ya kupima CRP. Kwa wale waliolala darasani: CRP ni protini ambayo ini huimwaga ndani ya damu pale mahali popote mwilini panapowaka, iwe ni malaria, kidonda cha mguu au fizi. Mashine haikuambii moto uko chumba gani. Inakuambia tu kwamba nyumba ina moshi. Pamoja na mashine alikuja Bahati, mtu wa labo, kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na imani kubwa na tarakimu. Tulianza kutaniana siku ya kwanza. Yeye alisema mimi ninapima mate. Mimi nilimwambia kwamba hajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja, anaonana na chupa zao.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja Papa Riziki.

Alikuwa fundi wa vitanda huko Majengo, mtu wa milima ya Masisi, mikono mipana, maneno machache. Maneno yote ya nyumba yao alikuwa nayo mke wake, Mama Riziki, aliyeingia kabla yake na kukaa kwenye kiti cha daktari kwa makosa. Shida ilikuwa meno manne ya juu, ya mbele. Yalikuwa yanacheza. Alipoyagusa kwa ulimi, tuliyaona yanakwenda na kurudi. Mwingine angesema ng'oa tu. Lakini Papa Riziki alikuwa trompeti wa kwanza wa fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia yao, na midomo ya mpiga trompeti inaegemea meno hayo hayo.

"Docta," akasema, "ukitoa hii ine, nitapuliza na nini?"

"Utapuliza moto ya makala jikoni," mke wake akajibu. "Mimi nimechoka kuipuliza."

Papa Riziki hakucheka. Alifunga mdomo, akatazama viatu vyake. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa kitu ambacho hakuzoea kukitoa:

"Mimi siongeaka sana. Batu bakizikwa, batu bakioana, sijue kusema kitu. Trompeti njo inasemaka mahali yangu."

Hapo Mama Riziki alipunguza sauti. "Ni ukweli. Nilimukubali juu ya ile trompeti. Sura niliiangalia kisha."

Nilimpima. Kila pembe ya meno yale, sonde ilizama mpaka mistari karibu yote ikapotea, na damu ikafuata. Picha ilionyesha mfupa umeshuka, ingawa ulikuwa bado umebaki wa kutosha kama tungefanya haraka. Juu ya hayo alikuwa na ugonjwa wa sukari, aliwahi kuambiwa mahali pengine, akaamua kuuacha upumzike. Daktari Kahindo alimweleza kwa kuchora kwenye karatasi: fizi zinazowaka zinaipandisha sukari, na sukari ikipanda inazipa fizi kuni. Huwezi kutibu upande mmoja ukauacha mwingine. Bahati akachukua damu, akarudi uso umekunjamana, CRP ilikuwa juu.

Daktari akatoa mpango wake.

"Tutakwangua chini ya fizi, upande moya kwanza, kisha ingine. Utasugua meno asubuyi na magaribi. Dawa ya sukari utakunywa, hautaiweka chini ya muto. Miezi tatu, unarudi kontrole. Damu ikikuwa ingali inawaka, tunang'oa yote ine."

Maneno ya mwisho aliyasema akitazama dari. Nilimjua. Alipotazama dari, alikuwa anatisha. Hakuna jino linalohukumiwa na kipimo cha damu peke yake, yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Lakini alishaona wanaume wengi wanaoitikia "ndiyo Docta" na kurudi na ugaga uleule, akaona huyu amsukume kidogo. Papa Riziki hakumjua kama nilivyomjua mimi. Aliyasikia maneno yale kama hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Tulimkwangua upande kwa upande, tukimtia ganzi kwanza. Ninyi mnaofanya kwa mashine tu mnapoteza muziki wa kazi. Chombo cha mkono kikipita juu ya mzizi wenye ugaga, kinakwaruza kama kisu kwenye tofali. Ukiendelea kwa subira, sauti inalainika, na ukifika unasikia kama kijiko kinachoteleza kwenye glasi. Hapo unaacha. Papa Riziki, kwa kuwa ana sikio la muziki, aliijua sauti ile kabla yangu. Alikuwa anainua kidole kuniambia bado, au anakishusha kuniambia imetosha. Mara nyingi alikuwa sahihi, na ilinikera.

Kesho yake baada ya upande wa kwanza Bahati, bila kuambiwa na mtu, alimpima tena, akaja mbio kabineni.

"Mama Neema, muliwasha zaidi! CRP imepanda!"

Daktari Kahindo alimkalisha. Ukikwangua ndani, unavichokoza vijidudu, vingine vinaingia kwenye damu, na mwili unapiga kelele kwa muda mfupi kabla ya kutulia. Ukipima wakati huo unapima kelele yako mwenyewe. Subiri wiki, subiri miezi. Bahati aliandika hayo kwa kalamu zote tatu. Tangu siku hiyo nilimwita Docta Kesho Yake, mpaka akaoa.

Nilimfundisha Papa Riziki kusugua meno kwenye mfano wa kinywa wa plasta. Aliushika mswaki kama randa, akasukuma mbele kwa mabega yote.

"Papa," nikamwambia, "hatutengenezi kitanda."

Akajaribu tena, pole kidogo. Siku aliyoondoka alinishika mkono akaniuliza, mlangoni, mke wake asisikie: "Mama Neema, ile damu itatulia?" Nilimwambia itatulia kama fizi zitatulia. Naona alishika nusu ya kwanza ya jibu.

Kontrole ikafika. Alikuja na kostime, ile suti nyeusi ya fanfari, kravate shingoni, viatu vinavyong'aa mpaka unaona dari ndani yake. Uso ulikuwa umenona. Nilimtania kwamba amekuja kuposa. Bahati alikuwa amemchukua damu mapema, na kabla sijavaa glavu akaingia akipepea karatasi.

"Imeshuka! Docta, imeshuka kama ya mutoto!"

Tulifurahi, sitaficha. Daktari Kahindo alipiga makofi. Papa Riziki alikaa wima kwenye kiti, akavuta pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yanashuka. Alikuwa ameshinda. Nikamwambia, "Haya, fungua tuone huo ushindi."

Fizi zilikuwa zimepauka, hazina ule wekundu. Kwa macho ungeapa kwamba amepona. Lakini kulikuwa na mikwaruzo mirefu, mipya, ya mtu aliyesugua kwa kitu kikali asubuhi ile ile. Nikateremsha sonde. Ikazama. Nikafikiri mkono wangu umezidisha, nikatoa, nikajaribu tena kwa wepesi zaidi. Ikazama mpaka palepale ilipozama siku ya kwanza. Meno yalikuwa bado yanacheza. Nilimtazama Daktari, na yeye akasogeza kiti chake karibu. Wakati huo huo Bahati akarudi mlangoni, safari hii polepole, na karatasi ya pili. Sukari ilikuwa imepanda kuliko siku zote.

"Papa, umekunywa soda?" Daktari akauliza.

"Soda?" Mama Riziki aliruka kutoka benchi. "Huyu? Chai anakunywa bila sukari, analalamika mpaka jirani banasikia! Lakini Docta, mimi pia nashangaa. Hii wiki anaamka usiku kukojoa, kila saa mulango, kila saa mulango. Na sura yake, angalia, imejaa kama mukate."

Damu inasema hakuna moto. Sukari inapiga kelele. Mifuko iko vilevile. Bahati alisema labda mashine. Daktari alisema labda maabara yote. Mimi nikakumbuka ukuta wa kwenye bomba. Sikumwuliza kama ametudanganya, maana mtu wa namna ile ukimwuliza hivyo anafunga mdomo mpaka Pasaka. Nilimwuliza kwa sauti ya mtu anayesifu kostime:

"Papa, leo umependeza kweli. Ulijitayarisha namna gani?"

Akafurahi kuulizwa. Alieleza yote, kwa fahari. Kostime ilipigwa pasi na binti yake. Meno aliyasugua kwa makaa na chumvi, kama baba yake alivyofanya. Na juma zima alikuwa anakunywa vidonge alivyonunua kwenye farmasi ndogo karibu na nyumba.

"Nilimuambia yule wa farmasi, niko na kontrole, sitaki damu yangu iwake. Akanipatia hii. Akasema inazimaka moto yote."

Akatoa kwenye mfuko wa ndani wa kostime kipande cha vidonge kilichobaki. Ilikuwa dexa, ile dawa kali ya kuzima uvimbe. Mnaijua. Inauzwa kwetu mojamoja kama peremende, watu wanainunua ili wanenepe au wasiumwe. Na kweli inazima. Inaizima CRP, inaufuta wekundu wa fizi, na wakati huo huo inaisukuma sukari juu. Kwa mtu kama Papa Riziki, juma lingine la vidonge vile lingeweza kumlaza hospitali, na meno yangekuwa shida ndogo kuliko zote.

Mama Riziki akaanza, "Wewe muzee, unataka kuniacha mujane juu ya—" lakini hakumaliza, kwa sababu mume wake alikuwa ameufunika mdomo wake mwenyewe kwa mkono, vidole vipana vya fundi, kama mtu anayezuia kitu kisitolewe.

"Niliogopa," akasema nyuma ya vidole. "Docta, ulisema damu ikiwaka mutang'oa. Basi nikafanya isiwake. Fizi sijue kuzifanya. Damu, nilisikia kuko dawa."

Sikuwahi kumwona Daktari Kahindo akikosa pa kutazama. Dari hakuitazama safari hii. Alivua glavu, akakaa kwenye kigoda chake, usawa mmoja na mgonjwa.

"Ni mimi njo nilisema vile, papa. Nilikutisha juu usugue meno. Haikukuwa kweli. Damu peke yake haiwezi kung'oa jino ya mutu. Ile karatasi inatusaidia sisi kukutunza, haiko ya kukuhukumu. Unisamehe."

"Basi hamung'oi?"

"Leo, hapana. Na siku tutataka kung'oa, wewe njo utatuambia ndiyo."

Alitoa mkono mdomoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nawaambieni hili, vijana, ili mlitumie: mgonjwa akitutayarishia majibu mazuri, mara nyingi ni sisi tuliomtisha. Kabla ya sindano, muulizeni amekunywa nini, tena mkicheka, kama mnaomuuliza habari za harusi. Mimi niliuliza hivyo mpaka siku ya keki, na mambo niliyoyasikia yanatosha kufungua farmasi.

Tulimpeleka siku ileile kwa daktari wa sukari, akaachishwa dexa chini ya macho yake, akawekwa sawa. Kisha tukaanza upya. Tulikwangua tena mifuko iliyobaki mirefu, na kwa nyuma tukayaunganisha meno kwa waya mwembamba ili yasaidiane wakati mfupa unatulia. Jino moja la pembeni, kati ya yale manne, halikukubali. Mzizi wake haukuwa na mfupa tena wa kushika. Daktari Kahindo alimpa kioo, akamwonyesha, akasubiri. Papa Riziki alikaa muda mrefu na kile kioo, akalisukuma jino kwa kidole, akasema, "Hii imechoka. Mutoe hii. Hizi tatu nitazipigania."

Akazipigania. Hakuna siku niliyopita Majengo bila kusikia habari zake. Ilibidi aisogeze trompeti pembeni kidogo ya mdomo kwa ajili ya pengo, na kwa muda sauti iliyotoka ilikuwa ya kuhurumia. Mama Riziki alikuja kituoni kwa shida zake za macho, akapita kunisalimia.

"Jana alipiga wimbo ya mazishi," akasema. "Mbuzi ya jirani ikalia kweli. Jirani akauliza nani amekufa."

"Na meno anasugua?"

"Anasugua! Pole pole, kama anapakala mutoto mafuta. Saa ingine namuchungulia, nafikiri anabembeleza ile mswaki. Mimi hajanibembeleza vile."

Kontrole ya mwisho nitakayowasimulia, alikuja mchana, moja kwa moja kutoka karakana. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye nyusi, shati lilikuwa na gundi, na viatu sitavisema. Hakusimama kwenye bomba. Alipita ukuta ule wa madoadoa bila kuutazama, akakaa kwenye kiti. Alikuwa ametoka kula, maharagi yalikuwa bado kati ya meno. Nilimwuliza kama kostime imeibwa.

"Leo nimekuja vile niko," akasema, akafungua kinywa.

Nilisafisha, nikapima. Mkono wangu, naungama, haukuwa mwepesi kama ukucha wangu ulivyofundisha, kwa sababu nilikuwa na hofu. Jino la kwanza, sonde ilisimama mapema. La pili, ikasimama. La tatu ilishuka kidogo zaidi, kisha ikasimama. Nilingoja damu. Nilihesabu kimya kimya, nikafuta, nikatazama tena. Hakuna. Nilimwita Daktari Kahindo aje aone, ingawa alikuwa na mtu mwingine amefungua kinywa kule ndani, kwenye chumba cha pili tulichoongezewa. Alibonyeza yale meno kwa kidole chake, moja baada ya jingine, na hayakwenda popote.

"Yamekamata," akasema. "Enda nyumbani, papa. Leo hatuna haja ya damu yako."

Lakini Papa Riziki hakuondoka. Alishuka kwenye kiti, akasimama katikati ya chumba na shati lake la gundi, akakunja mkono wa shati.

"Hapana, Docta. Munipime."

"Juu ya nini? Fizi tumeiona."

"Munipime. Leo sikukunywa kitu. Nataka mujue."

Daktari alinitazama, nikamtazama. Tukamwita Bahati. Alikuja na kalamu zake, akachukua damu bila utani, akaenda. Tulingoja wote pale, hata yule wa kule ndani aliyekuwa amefungua kinywa alikuja mlangoni kutazama. Mama Riziki alikuwa amefika, ameketi ukingoni mwa benchi, mikono katikati ya magoti. Mimi nilipanga vyombo, nikavipangua.

Bahati aliporudi hakukimbia. Alimpelekea karatasi Papa Riziki mwenyewe, si sisi, akamwonyesha kwa kidole. CRP ilikuwa chini. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka pale daktari wake alipokuwa anapataka.

Papa Riziki aliisoma, akaisoma tena.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako, papa," Bahati akasema.

"Si ya bile vidonge."

"Hapana. Hii ni yako mwenyewe."

Akaanza kucheka, lakini mdomo ukiwa umefungwa, kama alivyozoea tangu meno yalipoanza kucheza, mabega tu yanatikisika na machozi yanashuka kwenye vumbi la mbao. Mama Riziki aliinuka. Nilingoja atoe neno la kutuchekesha sote, lakini alikunja ncha ya kitenge chake, akamshika kidevu mume wake, akamwinua uso.

"Cheka basi," akamwambia. "Cheka, batu baone. Kuko ganda ya haragi, nitaitoa."

Akacheka, kinywa wazi.